Inchi Mbili za Shemeji

Baba Neema aliposafiri kikazi aliacha funguo za Hilux kwa mdogo wake, awe ananipelekea matikiti sokoni. Shemeji alikuwa na lake moyoni. Gari letu, alisema, limekaa kizee: pua chini, tako juu. Sasa masika yanakuja na barabara ya shamba inajulikana. Akamtafuta mkereza vyuma, wakachonga spesa mbili za alumini zenye unene wa inchi mbili, wakazipachika juu ya shokomzoba za mbele.

Jioni gari likaingia uani, shemeji kaegemea bampa kama bwana harusi. Bampa hiyo siku zote ililingana na mstari wa rangi ukutani. Nikaleta futi ya cherehani, nikapima: karibu inchi nne!

"Shemeji, si ulisema mbili?"

"Mbili, Mama Neema. Spesa ni mbili."

Kumbe shokomzoba ya Hilux hii haikai kwenye gurudumu. Mguu wake umefungwa katikati ya wishiboni ya chini, na gurudumu liko mbali zaidi, nchani. Ukiongeza inchi moja pale juu, kule nje unavuna karibu mbili. Wauzaji wa spesa halisi wanalijua hilo, ndiyo maana zao huwa nyembamba.

Jumapili mama mkwe akapandia kreti la soda kwenda kanisani, akishika mlango kwa mikono miwili, na hakumsemesha mtu hadi sadaka ya pili. Usiku taa zikamulika miembe badala ya barabara, madereva wa malori wakitutukana kwa honi. Hayo yalivumilika. Kwenye lami ndipo palipokuwa na kazi: usukani ulipwaya, ukikata kona haurudi wenyewe. Boljointi ya juu hukaa nyuma kidogo ya ile ya chini, na mlalo huo ndio unaolirudisha gurudumu kwenye mstari. Gari likiinuliwa, mlalo unapungua. Tairodi nazo zilikuwa zimeinama, matairi yakaacha kutazama mbele sawasawa, yakaanza kulika upande mmoja. Kwenye tuta, gurudumu likining'inia, wishiboni ya juu ikagonga springi: ngo! Neema akawa anahesabu.

Halafu mpira wa sivi jointi ukapasuka, maana ekseli ilikuwa inazunguka ikiwa imepinda kuliko ilivyotengenezewa. Grisi ikaruka rimu nzima. Na huko shambani, kwenye tope tuliloambiwa tutalivuka kwa raha, tukakwama kwa difu ya nyuma. Spesa za mbele haziinui ekseli ya nyuma hata unywele.

Baba Neema aliporudi alilizunguka gari mara moja, kimya, akalipeleka alaimenti. Fundi akazungusha boliti za wishiboni za chini hadi mwisho wa nafasi yake, vipimo havikufika. Akatoa njia mbili: kununua wishiboni za juu zilizotengenezewa gari lililoinuliwa, na hata hivyo inchi nne ni nyingi, au kushusha. Tukashusha. Mpira na grisi vikakatwa kwenye fungu la matikiti la shemeji.

Spesa zenyewe jirani ameziomba, naye ana Hilux. Nimeshampigia mkewe.