Hekima ya Banda Tupu

Wako mahasidi wanaolidhihaki banda la idara moja katika maonyesho ya Sabasaba, pale Barabara ya Kilwa, eti kwa kuwa halikuwa na bidhaa hata moja. Nami nasema hiyo ndiyo hekima yenyewe, kwani bidhaa huchakaa kwa kushikwashikwa na raia, ilhali picha ya mkurugenzi, iliyotundikwa juu ya kitambaa cha satini, haina wa kuiulizia bei. Wahudumu, katika fulana zao mpya, waliziinamia simu kwa khushuu ya wenye kusali, wakainuka tu kumpa mgeni kitabu atie sahihi, pamoja na peremende. Mkulima aliyeulizia mashine ya kukamua alizeti, saa nne asubuhi, alijibiwa kwa adabu kuwa mhusika amekwenda kula. Cheti cha ushiriki kimekwisha tiwa fremu, na bajeti ya mwakani imeombwa maradufu.