Namna ya Kulihadaa Giza la Forodhani

Sogea nikunong'oneze. Umenunua kamera, umekwenda Forodhani, Zanzibar, baada ya magharibi, ukampiga picha mchoma mishkaki akipepea makaa. Umerudi nyumbani, unaikuza picha, unakuta chenga tupu: mashavu yana madoa mekundu na kijani, anga nalo limechafuka. Usikimbilie kununua kamera nyingine. Fanya hila.

Kwanza mjue adui. Chenga haziletwi na ISO, zinaletwa na uhaba wa mwanga. Mvua ikianza kwa matone machache, ua hulowa madoadoa. Ikimwagika, hulowa kote sawasawa. Ndivyo mwanga unavyokiangukia kitambuzi cha kamera. ISO hukuza tu kilichopokelewa, pamoja na kasoro zake. Basi kazi yako ni moja: kuiba mwanga.

1. Wahi. Karibu na ikweta, mwangaza unaobaki jua likishazama haudumu, ni kama dakika 20 tu. Wakati huo anga ni buluu iliyokolea na taa za wauzaji zimeshawaka. Piga hapo hapo. Watazamaji wataapa ni saa tatu usiku, nawe huna haja ya kuwasahihisha.

2. Hamisha mtu, acha vitufe. Hii ndiyo hila ninayoipenda kuliko zote. Mwambie, "Dada, hebu sogea kwenye taa, hapo utapendeza zaidi." Atasogea, nani hataki kupendeza? Akitoka mita 2 hadi mita 1 kutoka kwenye balbu iliyo wazi, uso wake unapata mwanga mara nne. Ulichohitaji ISO 6400 kukipata, sasa unakipata kwa 1600, bila kutoa hata senti. Angalia tu taa isiwe mgongoni mwake. Na kwa kuwa taa ina mwenyewe, nunua mishkaki yake kwanza, kisha omba ruhusa.

3. Azima lenzi ya mm 50 yenye f/1.8. Zuma iliyokuja na kamera, ukiivuta hadi mm 55, mara nyingi hufunguka f/5.6 tu, ilhali hii ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Tena nyuma ya mtu kunafifia, na wewe unaonekana fundi wa siku nyingi.

4. Pandisha ISO bila woga. Wanaoanza hung'ang'ania 400, kasi ya shata ikashuka hadi 1/15, na kila mtu akatoka ametikisika. Chenga zinasameheka, mtikisiko hauna dawa. Shikilia 1/125, peleka ISO 3200, egemea ukuta. Usipige picha ya giza kwa matumaini ya kuing'arisha baadaye, maana kwenye vivuli ndiko chenga zilikojificha. Subiri mchomaji atulie kidogo kabla ya kugeuza mishkaki, kisha fyatua mfululizo. Za katikati huwa kali zaidi, kwa sababu kidole kimeshatulia.

5. Chenga bado zipo? Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Madoa ya rangi yanatoweka, na kinachobaki kinafanana na chembe za filamu. Wapiga picha wa magazeti walitegemea Kodak Tri-X, iliyoingia kwenye kamera za mm 35 mwaka 1954, na chembe zake zilionekana waziwazi. Hakuna aliyewadai pesa zake.

Ukitaka rangi zibaki, kwenye programu ya kuhariri futa chenga za rangi kwa nguvu, ila zile za mwanga, zisizo na rangi, punguza nusu tu. Ukizidisha, ngozi inageuka nta. Halafu ipunguze picha kutoka pikseli 6000 kwa 4000 hadi 1500 kwa 1000. Kila pikseli mpya inachanganya 16 za zamani, na chenga nyingi zinamezwa humo.

Mpelekee dada yule picha hiyo ndogo usiku huohuo. Ataitazama kwenye simu, na kitu cha kwanza atakachokitafuta ni macho yake. Hakikisha ndiyo uliyolenga.