Sifa za Kitenzi Kizembe

Wenye haraka wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Leo nakivika taji kitenzi cha Kilatini morari, maana yake kukawia. Kitazameni kwanza mavazi yake: ni katika vitenzi ambavyo wanasarufi huviita deponenti, vyenye umbo la kutendwa ilhali vinatenda vyenyewe. Mchelewaji gani asiyelijua joho hilo? Yeye hachelewi kamwe, hucheleweshwa.

Wivu wa watu ukakifikisha mahakamani. Katika sheria ya Kirumi, mora, nomino ya ukoo wake, ni kuchelewesha wajibu. Mdaiwa akishachelewa, kitu alichopaswa kukabidhi kikiharibika mikononi mwake, hata kwa bahati mbaya tu, hasara kwa kawaida ni yake. Lakini, kwa haki isiyo na mfano, Warumi waliitambua pia mora ya mdai: yule anayepelekewa mali yake kwa wakati, naye akakataa kuipokea bila sababu. Uzembe ukapewa viti pande zote mbili za kesi! Hadi leo Mwitaliano aliyechelewa kulipa hutozwa interessi di mora, na kule Hispania mdaiwa sugu huitwa moroso, jina tamu utadhani la mwimbaji.

Tena ni mjenzi hodari. Anayekawia mahali mno mwishowe huhesabiwa mwenyeji, na ndivyo morari ilivyopata nyumba. Kwa Kireno morar ni kuishi mahali, basi wakazi wote wa Lisbon na Maputo, kwa asili ya neno, ni watu waliokawia kuondoka. Kuchelewa kwenyewe wamekuachia demorar. Waitaliano wana dimora, makazi. Na properare, kitenzi cha mbio? Kilikimbia mpaka kikapotea. Katika Kifaransa cha leo hakina hata kibanda. Nasi tusijifanye wageni wa jambo hili: mtoto aliyetumwa dukani huulizwa kwa ukali mbona amekaa sana, na mgeni huulizwa kwa upole anakaa wapi.

Wafaransa ndio walioipenda morari kupita kiasi. Demeurer kwao ni kubaki, na pia kuishi mahali. Demeure ni makao, tena ya heshima. Ila mwenye deni akiletewa barua iliyoandikwa mise en demeure, asianze kufungasha vyombo: hajapewa jumba, anaamriwa alipe.