Namna ya Kununua Darubini Isiyoonyesha Kitu

Mwongoza watalii anayejiheshimu hawashi Land Cruiser kabla darubini haijaning'inia shingoni. Kumwona mnyama ni suala jingine. Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka darubini ya kutajika, iwe ya dukani au ya mtumba, bila kusumbuliwa na habari za kuona.

1. Nunua namba. Kila darubini ina namba mbili, mathalani 8x42. Ya kwanza ni mara inazokuza. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wazoefu wa porini huishia 8 au 10, eti ukizidisha hapo mkono ukitikisika kidogo tu, chui aliyelala juu ya mgunga anaanza kurukaruka. Huo ni unyonge. Wewe tafuta iliyoandikwa 90x80. Ukiipima lenzi kwa rula ukakuta haifiki hata milimita 50, kosa ni la rula.

2. Usigawanye. Wapo wanaochukua namba ya pili wakaigawa kwa ya kwanza, wapate upana wa mwanga unaoingia jichoni. Kwa 8x42 ni milimita 5 na ushei. Kwa 10x25 ni 2.5. Kwa kuwa mboni ya jicho gizani hutanuka hadi kama milimita 7, ile 10x25 alfajiri, simba wakiwa bado barabarani, itakuonyesha kiza kilekile kikiwa kimekuzwa mara kumi. Ila inaingia mfukoni, na mfuko hauhitaji mwanga. Hiyo 90x80 yako hata usiiguse kwa hesabu: jibu halifiki milimita moja.

3. Pendelea lenzi nyekundu. Lenzi ya maana hupakwa utando wa kuzuia mwanga usirudi nyuma. Ukiitazama kwa mbele unaona kijani au zambarau hafifu. Ile inayowaka kama taa ya breki inaurudisha mwanga mwekundu ulikotoka, na twiga anakufikia akiwa na ukijani wa mgonjwa. Si neno. Twiga anatazamwa na wageni, na wageni wanakutazama wewe.

4. Kadiria thamani kwa historia. Usimulike tochi ndani, maana waweza kukuta nyuzi za kuvu zilizoota kwenye kioo tangu masika ya mwaka juzi. Uliza tu ilikuwa ya nani. Muuzaji akijibu, "Bosi, hii kaiacha Mjerumani," ongeza bei mwenyewe kabla hajaomba. Jina la Zeiss, Leica au Swarovski likiwepo, basi biashara imekwisha. Za daraja la juu za kampuni hizo zikiwa mpya huvuka dola 2,000. Wewe ukiachiwa kwa shilingi 80,000, mshukuru Mungu, na usiulize kwa nini jina limebandikwa kwa stika.

5. Jua wa kumuuzia. Siku ukikwama kodi ya nyumba, iuze. Mteja mzuri huipima kwa mkono, husema "nzito, kumbe ya ukweli," na kuomba umpunguzie kidogo. Mwogope yule asiyesema kitu. Ataegemeza viwiko kwenye boneti na kuelekeza darubini kwenye kibao cha ng'ambo ya barabara. Atafumba jicho la kulia, arekebishe kwa gurudumu la katikati. Atafumba la kushoto, azungushe kile kipete kidogo cha upande wa kulia ambacho wewe ulidhani ni pambo. Kisha atayafumbua yote mawili na kukuuliza kwa upole, "Samahani kaka, hapo ng'ambo pana maduka ya dawa mangapi?"

Pana moja. Mwambie umekumbuka kwamba imeshauzwa.