Jinsi ya Kupata Mipira Mitano Kutoka Juu

Hongera, mwalimu. Una watoto thelathini na wawili, mipira miwili (mmoja unavuja) na uwanja ambao siku za kazi ni maegesho ya malori. Sasa umesikia kwamba FIFA, kwa mzunguko wa 2023 hadi 2026, imetenga hadi dola milioni 8 kwa kila shirikisho la soka mwanachama, na moyo unakudunda. Tulia. Fedha hizo zinashuka kwa ngazi, na kila kipandio kina kikao chake, na kila kikao kina posho.

Anza kwa kuwepo kisheria. Timu isiyosajiliwa Baraza la Michezo la Taifa ni watoto wanaocheza tu. Andaa katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi na barua ya serikali ya mtaa, kisha mtafute afisa michezo wa wilaya. Katiba usijisumbue kuitunga, azima ya jirani ubadilishe jina. Ila badilisha kila mahali. Yetu mpaka leo inasema klabu ikivunjika, mali zote zikabidhiwe kikundi cha ngoma.

Kisha ujue adabu ya ngazi. Wewe huandikii shirikisho. Unaandikia chama cha wilaya, kinachoandikia mkoa, nao mkoa ndio wenye wajumbe kwenye mkutano mkuu. Mtoto wa miaka kumi hana kura huko, kwa hiyo habari za soka la vijana huchangamka zaidi uchaguzi unapokaribia. Peleka barua yako msimu huo.

Kwenye andiko la mradi, usithubutu kuandika kwamba unataka mipira. Andika "kuwajengea vijana uwezo". Bajeti ianze na semina, ifuate ukumbi, usafiri wa wawezeshaji, viburudisho na bango. Mipira iweke mwisho kabisa, ili wakipunguza wajue pa kukatia.

Siku ya makabidhiano wapange watoto juani kuanzia saa mbili. Mgeni rasmi atafika saa sita. Sisi tulipewa hundi ya mfano pana kama mlango, tukapiga nayo picha, halisi ingefuata. Kilichofuata, baada ya miezi saba, ni mipira mitatu na pampu isiyo na sindano. Hundi ilikuwa ya ubao mzuri, siku hizi wachezaji wa akiba wanaikalia.

Iko njia nyingine, lakini haina mgeni rasmi, ndiyo maana huisikii kwenye semina. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA zinakata asilimia 5 ya ada na kuwagawia waliomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa 23. Akiuzwa dola milioni 1, kila msimu aliokaa kwako kati ya miaka 12 na 15 ni dola 2,500. Tangu Novemba 2022 kuna ofisi maalumu ya FIFA mjini Paris inayopitisha malipo hayo, na inafuata kumbukumbu za usajili wa kielektroniki.

Hapo ndipo penye mchezo. Wengi wa vijana wetu husajiliwa mara ya kwanza wakiwa na miaka kumi na minane, na klabu kubwa, siku inapowachukua. Misimu yako minne haimo kwenye mfumo.

Mimi misimu yangu ninayo, kwenye daftari la mahudhurio: namba tisa hakuja, anauza vitumbua vya mama, namba tatu kacheza peku, kafunga mawili. Namba tatu alipochukuliwa, nililibeba hadi ofisi moja nisiyoitaja. Ofisa alilipekua kwa heshima zote, ukurasa kwa ukurasa, hadi jalada la nyuma.

"Mwalimu," akaniuliza, "mhuri uko wapi?"