Gari la Mzee Limekunywa Petroli

Mjomba! Nawasalimu nyote mlioko barazani hapo Moa, kijijini kwetu mpakani, pamoja na yule anayenidai nyavu.

Nimesikia Mama ameambiwa na mtu wa Horohoro kwamba nimefungua gereji Uingereza. Sijafungua gereji. Nimeponzwa na mdomo wangu.

Mwenye nyumba wangu hapa Coventry ni mzee wa miaka 74, mjane, mtu wa chai na ukimya. Siku moja akaniuliza kwetu watu wanafanya kazi gani. Nikasema mjomba wangu ana boti yenye mashine ya farasi 15, na mimi ndiye niliyekuwa mshika mafuta wake. Nilitaka kujisifu kidogo tu. Mzee akaweka kikombe chini, akasema njoo. Akafungua mlango wa gereji, nikaona gari fupi hata ukikaa ndani unaweza kuokota kokoto barabarani. Mfano wa ngalawa iliyotiwa magurudumu.

Huku kuna watu wanajiundia gari nyumbani. Usicheke. Unanunua fremu, bodi, magurudumu na injini ya gari lililokufa, unavifunga mwenyewe pole pole kama mtu anayeunda dau ufukweni. Tofauti ni kwamba dau huundwa na fundi.

Ugonjwa huu una asili yake. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alitoa gari dogo liitwalo Seven. Ukilinunua zima ulitozwa kodi ya mauzo, ukilinunua vipande vipande hukutozwa. Basi Waingereza, mnaowasikia kuwa ni watu wa sheria, wakanunua vipande. Inasimuliwa kuwa ilikatazwa kuweka maelekezo ya kuliunga, kwa hiyo kiwanda kikaweka maelekezo ya kulifungua, mnunuzi akawa anayasoma kuanzia mwisho. Mjomba, hiyo ni akili ya mpakani kabisa. Ungedhani watu hawa wamelelewa Moa. VAT ilipokuja mwaka 1973 ujanja ukaisha, wagonjwa wakabaki.

La mzee limefanana na Seven lakini ni la ukoo mwingine. Lina injini ya Ford ya sisi 1600 na kabureta mbili za Weber. Alianza kuliunga miaka 11 iliyopita, mkewe akimshikia tochi. Sasa kilichobaki ni kuliwasha kwa mara ya kwanza, na mzee alitaka kumimina lita 20 na kupiga stata siku hiyo hiyo.

Nikamwambia subiri. Sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa yako, Mjomba, hadi lile tusi la mwisho, ila tusi nimelitafsiri likawa "tafadhali".

Tangi ni la alumini, jipya, halijaonja petroli tangu litengenezwe. Tukatia lita 2, tukalishika huku na huku tukalitikisa, kisha tukachuja kwenye kitambaa cheupe. Tui la kwanza likatoka na machicha: vinyuzi vya alumini vilivyobaki lilipotobolewa, vumbi, na nzi mmoja wa Kiingereza. La pili jepesi. La tatu ungeweza kulipikia wali. Mzee akaniuliza kwa nini najisumbua na vitu vidogo hivyo. Nikachomoa jeti ya sailensa ya kabureta yake nikamwekea kwenye kiganja: tundu lake upana wake kama nusu milimita. Akaitazama juani, akanyamaza, akatia lita 2 nyingine mwenyewe.

Mipira ya kupitisha petroli nayo ilikuwa mizuri machoni. Nilipoukunja mmoja ukafunguka nyufa kama kisigino cha mvuvi. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya huku, E10, ina ethanoli hadi asilimia 10. Hiyo ni pombe, na pombe hula mipira ya zamani. (Imamu akiuliza, mwambie sijainywa, gari ndilo linakunywa.) Tukatoa mipira yote, tukafunga ile yenye chapa ya R9 inayovumilia.

Sasa pampu. Hii ya huku ni ya umeme, hufungwa nyuma, chini, karibu na tangi, kwa sababu inajua kusukuma kuliko kuvuta. Kabureta zile zinataka msukumo wa psi 3 hivi, si zaidi. Mzee alikwenda dukani na namba 3 kichwani, akaona boksi limeandikwa 3, akalipa. Boksi lilisema bar 3. Bar moja ni psi 14 na nusu. Yaani kabureta imeagiza kikombe cha kahawa, imeletewa wimbi la kusi. Na ndani ya kabureta kinachozuia petroli ni boya tu, boya hasa kama la nyavu, likielea linasukuma kisindano kizibe mlango. Boya gani litasimama mbele ya wimbi hilo?

Hatukujua hayo. Kilichotuokoa ni mazoea yako: kabla ya kufunga mpira wa mwisho, uache umwage kwanza kwenye dumu uone kinachokuja. Mzee akabonyeza swichi. Mpira ukaruka nje ya dumu kama mkunga, ukamlowesha kuanzia miwani hadi sweta.

Nikakata betri, nikafungua mlango, nikakimbilia kuzima mashine ya kupashia maji moto iliyomo humo humo gerejini, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni ukitafuta moto. Mzee akabaki na singlendi kwenye nyuzi 6 za baridi. Nikangoja kelele. Akasema tu, "Jambo la kuvutia." Kwa Kiingereza cha huku maana yake ni ile ile unayoisema wewe propela ikinasa nyavu, ila bila kumtaja mama wa mtu.

Jumapili iliyofuata tukafunga pampu ndogo. Tukatoa plagi, tukapiga stata mpaka mshale wa oili ukapanda, tukazirudisha. Kisha swichi ya pampu: tak-tak-tak-tak, mbio mbio, halafu tak... tak... pole pole. Mzee akashtuka akidhani imekufa. Mimi nikacheka. Ni kama ule mpira wetu wa kuminyia petroli kwenye boti, Mjomba! Kabureta ikijaa, wetu unakuwa mgumu kiganjani, pampu hii inapunguza mwendo. Tukapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Klipu moja ilikuwa inatoa jasho, tukaikaza. Nakiri pia kwamba nilishika chupa ya oili nichanganye kwenye petroli kama ya boti. Mzee aliniona. Hakusema kitu, lakini sasa tuko sare.

Injini ikapiga chafya mbili kupitia kabureta, ikawaka. Majirani wakafungua madirisha. Barabarani haliruhusiwi mpaka lipite ukaguzi wa serikali, kwa hiyo tulikaa tu ndani yake, mimi na yeye, tukitazama ukuta wa gereji kama tuko safarini.

Ile sauti niliyokurushia WhatsApp ndiyo hiyo. Jibu lako la maneno mawili, "Inakunywa sana," nimemtafsiria. Jana kazitoa plagi: nyeusi tititi, masizi matupu. Sasa kila akigusa skrubu ananiambia nikurushie tena usikilize.

Amenipa pauni 20 za ada yako. Nimekununulia mpira mpya wa kuminya, atakuja nao kijana wa Mayomboni mwezi ujao. Ule wako umefungwa kwa tyubu ya baiskeli tangu niko darasa la tano. Najua utasema bado mzima. Ukunje kwanza.

Mpwa wako