Bujumbura kwa Hatua Sita: Mwongozo wa Mchoraji Msafiri

Umefika Bujumbura na sanduku la rangi za maji, kigoda cha kukunja na kofia pana. Hongera. Mji huu umekaa kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, na una mengi ya kutazama. Ili yasikusumbue, zingatia yafuatayo.

1. Njoo na picha yako kichwani. Machweo, ziwa, mtumbwi, milima ya Kongo kwa mbali. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, vumbi na ukungu huificha milima hiyo ya Uvira mara nyingi. Ipake tu, isipokuja kazini, hilo ni lake. Na kwa kuwa karibu na ikweta giza huingia ghafla, ni busara kuyamaliza machweo saa nane mchana.

2. Ongeza wanyama. Kwenye ufukwe wa Saga viboko hutoka majini jioni. Ukimwona mmoja, mchore huku ukirudi nyuma. Usipomwona, mweke. Gustave, mamba wa mto Rusizi anayesimuliwa sana, mpe urefu unaoupenda: hakuna atakayekwenda kumpima.

3. Usisahau historia. Kusini mwa mji, Mugere, kuna jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Hapo walipita tu. Walikuwa wameshakutana Ujiji. Wewe andika chini ya mchoro, "Walipokutana." Inauzika zaidi. Ujiji wakilalamika, nao wachore la kwao.

4. Tafuta wahakiki makini. Tandaza karatasi mbele ya bandari au kambi, bila kibali na bila kumuuliza mtu. Watakuja wenyewe, wamevaa sare, na watakuuliza habari za kila mstari: umeuchora kwa nini, na unampelekea nani. Hakuna ukumbi wa maonyesho utakaokupa usikivu wa namna hiyo.

5. Wapuuze watoto. Watakuzunguka kabla brashi haijalowa. Mmoja atakwambia wavuvi wa ndagala huunganisha mitumbwi kwa miti na kuvua usiku kwa taa, kwa hiyo huyu wako aliye peke yake, mchana, bila wavu, labda amepotea. Mshukuru. Usibadilishe kitu.

6. Kutana na wasanii wenzako. Mahali salama ni baa ya hoteli. Badilishaneni namba za simu, msifiane, mwahidiane maonyesho ya pamoja Nairobi, kisha kila mtu asubiri mwenzake apige kwanza.

Ila jihadhari na mtaa wa Buyenzi. Huko Kiswahili kimejaa mitaani na gereji hazinyamazi, na huenda ukamkuta mtu juu ya ngazi akipaka kibao cha kinyozi. Anafanya kazi nje kila siku, kwenye jua lile lile la uwanda wa Imbo, hana kofia wala kigoda, na herufi zake zimenyooka. Usidanganyike: huyo si msanii, ni fundi. Msanii ni yule aliyelipa nauli ya ndege.

Hatari ni akishuka kuja kukuamkia. Atainamisha kichwa, ataitazama kazi yako kwa adabu, kisha atakuuliza mambo mawili: nani kaiagiza, na mbona ziwa limelala upande. Hapo mjibu kwa Kifaransa.